Hilali Isiyokuwa Angani: Kisa cha Vyombo Vinne na Bango la Wanafunzi wa Tabora

Sentensi iliyozua mjadala iliandikwa kwa maka peni nyekundu katikati ya karatasi ya manila: "Tarehe 16 Oktoba 2015, saa 13:07, vyombo vinne vya MMS vilipiga picha ya hilali ya elektroni ikielea kwenye mpaka wa magnetosfia." Walioiandika ni wanafunzi wangu wawili wa kidato cha sita, binti na mvulana, waliokuwa wakiandaa bango la maonyesho ya sayansi ya shule yetu hapa Tabora. Ukiisoma haraka ni sentensi nzuri, na wageni wengi wa maonyesho wangeisoma, wakaridhika, wakasogea kwenye meza ya watengeneza sabuni ya maji. Mimi mwenyewe nilikaribia kuipitisha. Kilichonizuia ni neno "picha", na nilipolivuta neno hilo, mengine yalitoka nalo kama shina la muhogo linavyong'oka na mizizi yake.

Tukio lenyewe halina shaka. Magnetosfia ni eneo la anga linalotawaliwa na uga wa sumaku wa Dunia. MMS (Magnetospheric Multiscale) ni vyombo vinne vya anga vya NASA vinavyofanana, vilivyorushwa kwa roketi moja ya Atlas V kutoka Cape Canaveral, Florida, usiku wa 12 Machi 2015 kwa saa za huko. Kila kimoja kina umbo la pembe nane, nacho hujizungusha mara tatu kwa dakika huku kikiwa kimenyoosha nyaya nne za kupimia uga wa umeme, kila waya wenye urefu wa mita 60. Vyombo hivi huruka vimejipanga kama mafiga matatu yenye chungu juu yake, kila kimoja kikiwa kwenye ncha yake, na siku tunayoizungumzia umbali kati ya kimoja na kingine ulikuwa kiasi cha kilomita 10 tu, ingawa vyote kwa pamoja vilikuwa yapata radii 12 za Dunia kutoka kitovu chake, yaani kama kilomita 76,000. Vilitumwa huko kutafuta eneo dogo sana ambamo mistari ya uga wa sumaku wa Dunia, na ile inayobebwa na upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji unaotoka kwenye Jua, hukatika na kuungana upya kwa mpangilio mwingine.

Kwa mtu aliyekulia Tabora, kukatika na kuungana upya si jambo geni. Kwa miaka mingi treni iliyotoka Dar es Salaam ilikatwa katika stesheni yetu, mabehewa mengine yakafungwa kwenye injini ya kwenda Kigoma na mengine kwenye injini ya kwenda Mwanza, na abiria aliyelala bila kuuliza aliweza kuamka asubuhi akielekea ziwa asilolikusudia. Mpakani mwa magnetosfia hali inafanana kwa kiasi fulani. Upande wa ndani mistari ya uga wa Dunia inaelekea kaskazini. Upande wa nje, upepo wa Jua ukiwa umebeba uga unaoelekea kusini, mistari yake inapingana na ile ya ndani. Pande hizo mbili zikibanwa pamoja, mstari wa nje na mstari wa ndani huweza kukatika, na kila nusu ikaishika nusu ya mwenzake. Mwaka 1961 mwanafizikia James Dungey alipendekeza kwamba hii ndiyo njia ambayo mlango wa ngao ya sumaku ya Dunia hufunguka. Hata hivyo mfano wa mabehewa una kasoro mbili ambazo niliwaambia wanafunzi wasizifiche: behewa ni kitu, ilhali mstari wa uga ni mchoro wetu wa kueleza mwelekeo wa nguvu, na kukata mabehewa hakutoi nishati yoyote, ilhali mistari ya uga inapoungana upya, nishati iliyokuwa imehifadhiwa katika sumaku hugeuka kuwa mwendo na joto la chembe. Hiyo kasoro ya pili ndiyo sababu kubwa ya watu kutumia fedha nyingi kiasi kile kurusha vyombo vinne badala ya kimoja.

Sasa turudi kwenye bango. Saa 13:07 ya nani? Kumbukumbu za vyombo vya anga huandikwa kwa saa za kimataifa, ambazo sisi tumezitangulia kwa saa tatu. Mvulana alilijua hilo vizuri mno. Alipokwenda kutafuta takwimu kwenye hifadhi ya MMS, ambayo iko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti, alitoa saa tatu ambazo zilikuwa zimekwisha kutolewa, akafungua sehemu ya 10:07, akakaa nayo jioni nzima bila kukuta alichokitafuta. Binti naye alikwenda njia nyingine: aliisoma 13:07 kama saa saba na dakika saba mchana, akamweleza hivyo mgeni wa kwanza aliyepita, mjomba wake, ambaye alimjibu kwamba saa hiyo siku hiyo alikuwa msikitini. Ukweli ni kwamba kwa Tabora ilikuwa saa kumi na dakika saba alasiri, siku ya Ijumaa, siku tisa kabla ya uchaguzi mkuu wa 2015. Naikumbuka wiki ile kwa magari ya kampeni yaliyopita Isevya na Ng'ambo yakiwa na spika kubwa, vumbi la Oktoba likiwafuata nyuma, na sidhani kama kuna aliyekuwa na nafasi ya kuwaza mpaka wa magnetosfia.

Saa ilipopatikana, kosa la pili lilijitokeza, na hili ndilo lililonifanya nione kwamba kisa hiki kinastahili kuandikwa kirefu. Waliniita maabara. "Shikamoo mwalimu," mvulana alisema, kisha bila kupumua, "sasa tuko saa yenyewe, lakini hilali haipo." Niliangalia. Grafu ya uga wa sumaku ilikuwa sawa: mstari wa sehemu ya uga ya kaskazini na kusini ulikuwa juu ya sifuri, ukashuka chini yake, ukapanda tena, na katika dakika chache zile alama yake iligeuka zaidi ya mara moja. Lakini grafu ya elektroni ilikuwa na nukta chache zilizoachana, na pale kwenye sekunde ya pili baada ya 13:07, ambapo makala ya James Burch na wenzake iliyotoka mwaka 2016 katika jarida la Science inaonyesha hilali, kwetu hapakuwa na chochote cha kushangaza.

Walikuwa wamepakua faili la kasi ndogo. Vyombo vya MMS hupima elektroni za pande zote za anga mara moja kila sekunde 0.03, lakini takwimu za kasi hiyo ni nyingi kupita uwezo wa kuzituma zote duniani. Kwa hiyo hutumwa kwanza muhtasari, ambao kwa elektroni una kipimo kimoja kila sekunde 4.5, na takwimu kamili hubaki katika kumbukumbu ya chombo zikisubiri. Mwanasayansi wa zamu huupitia muhtasari huo, huchagua vipande vinavyoelekea kuwa na jambo, na ni hivyo tu vinavyoteremshwa kwa ukamilifu. Vingine hufutwa kupisha vipya. Napenda kulitaja hili kwa sababu watu hudhani chombo cha anga ni jicho lisilofumba. Katika kisa chetu kulikuwa na mtu aliyekaa mbele ya skrini akaamua kwamba dakika zile zisipotee, na bila uamuzi wake kifaa kilichopima vizuri kingekuwa kimepima bure.

Nilichukua chaki. Mpaka wa magnetosfia hautulii. Shinikizo la upepo wa Jua likibadilika, mpaka husogea ndani na nje kwa makumi ya kilomita kwa sekunde, na mara nyingine zaidi. Tuchukue kilomita 40 kwa sekunde kama mfano. Tabaka ambamo elektroni hupoteza utii wao kwa mistari ya uga, ambalo ndilo linalotafutwa, lina unene wa kilomita chache tu, tuseme 5. Tabaka hilo likipita juu ya chombo, litachukua sekunde 5 kugawanya kwa 40, yaani sekunde 0.125. Kwa kipimo cha kila sekunde 0.03, tunapata vipimo vinne ndani ya tabaka. Kwa kipimo cha kila sekunde 4.5, kilomita 180 zinapita kati ya kipimo na kipimo, na tabaka letu la kilomita 5 linamezwa ndani yake kana kwamba halikuwahi kuwapo. Binti alisimama akiangalia ubaoni kwa muda, akasema, "Kwa hiyo mwalimu, chombo ni kile kile, siku ni ile ile, lakini kwenye faili moja kitu kipo na kwenye faili jingine hakipo." Hapo niliweka chaki chini, kwa kuwa alikuwa amelisema jambo ambalo mimi nilikuwa nimepanga kulizunguka kwa robo saa.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini eneo hili lilikawia kuonekana. Vyombo viwili vya ISEE, vilivyorushwa mwaka 1977, vilikwisha kuonyesha dalili mbili muhimu: majeti ya plazima (gesi ya chembe zenye chaji) yanayotoka kwa kasi kandokando ya mpaka, jambo ambalo Götz Paschmann na wenzake walilitangaza mwaka 1979, na mafungu ya mistari ya uga yanayokatika kutoka kwenye mpaka na kupita kama mabomba, ambayo Christopher Russell na Richard Elphic waliyatambua kwa namna uga unavyoruka upande mmoja kisha upande wa pili yanapopita. Baadaye vikaja vyombo vinne vya Cluster mwaka 2000, baada ya vinne vya kwanza kuteketea pamoja na roketi ya Ariane 5 mwezi Juni 1996, muda usiofika dakika moja tangu kuruka. Cluster ilifundisha dunia namna ya kutumia ncha nne, lakini ilihitaji mzunguko mzima wa chombo, kama sekunde 4, kupata sura kamili ya elektroni. Majeti ni kama moshi unaouona ukitoka nyuma ya nyumba: unajua kuna jiko, lakini hujaliona jiko.

Kosa la tatu la bango lilikuwa katika maelezo ya chini ya grafu, mahali ambapo mvulana alikuwa ameandika kwamba vyombo "vilivuka mpaka, vikarudi, vikavuka tena". Alikuwa amefikiri sawasawa kutokana na grafu aliyoiona: alama imegeuka, basi tumevuka, imegeuka tena, basi tumerudi. Lakini vyombo vya MMS vinapokaribia kilele cha njia yao huenda polepole, chini kidogo ya kilomita moja kwa sekunde kwa hesabu ya njia ile, na haviwezi kugeuka nyuma kama bodaboda iliyosahau abiria. Aliyekwenda na kurudi ni mpaka. Chombo kimoja peke yake hakiwezi kukuambia hilo. Kinachokupa ni orodha ya namba na saa zake, na orodha hiyo hiyo ingeweza kutokana na mpaka unaoyumba, au na bomba la mistari ya uga linalopita bila mpaka kusogea kabisa. Vinapokuwa vinne unaangalia ni chombo kipi kilichoona badiliko kwanza na kipi kilifuata. Kwa vyombo vilivyoachana kilomita 10 na mpaka unaokwenda kilomita 40 kwa sekunde, tofauti ni robo ya sekunde, na robo ya sekunde kwa vyombo hivi ni muda mrefu. Kutoka kwenye kuchelewa huko ndiko unakopata kasi ya mpaka na mwelekeo wake, kisha ndipo unapokuwa na haki ya kusema "unene" badala ya "muda". Siku ile, pamoja na ukaribu wao, vyombo vinne havikuona kitu kile kile kwa wakati ule ule, na tofauti hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba eneo walilopita lilikuwa dogo.

Sasa hilali. Faili la kasi kubwa lilipopakuliwa, kwa bando ambalo nalihesabu kama mchango wangu kwa maonyesho, mchoro ulijitokeza kwenye skrini: duara la buluu, na upande wake mmoja alama nyekundu iliyopinda, nyembamba kwenye ncha na nene katikati, kama mwezi ulioandama. Wanafunzi walifurahi, nami sikutaka kuwaharibia furaha. Nikawauliza tu mhimili wa chini wa mchoro unapima nini. Walidhani kilomita. Ulipima kilomita kwa sekunde.

Hapo ndipo neno "picha" lilipokufa. Mchoro ule hauonyeshi elektroni ziko wapi. Zote ziko mahali pamoja, pale chombo kilipo. Unaonyesha zinakwenda upande gani na kwa kasi gani. Penye nyekundu pana elektroni nyingi zenye kasi na mwelekeo huo, na penye buluu pana chache. Hakuna umbo la mwezi linaloelea kwenye mpaka, na mtu ambaye angeweza kusimama pale na macho yake asingeona chochote. MMS hazina kamera ya kupiga picha ya uga wa sumaku, wala haiwezekani kuwa nayo. Zinahesabu chembe zinazoingia kwenye matundu yao na kupima nguvu pale pale zilipo.

Kwa nini basi kasi za elektroni zijipange kama hilali? Upande wa nje wa mpaka elektroni ni nyingi, siku ile zaidi ya mara kumi ya zile za ndani. Karibu na mahali ambapo uga unageuka kutoka kusini kwenda kaskazini, uga wenyewe hufifia, na elektroni ambazo kwa kawaida hujizungusha kwenye mstari wake kwa utii hupoteza mstari wa kujizungushia. Hapo hukutana na uga wa umeme unaozisukuma kuelekea ndani, upande wa Dunia, zikiongeza kasi, mpaka uga wenye nguvu zaidi wa upande wa ndani uzipindishe na kuzirudisha. Kadiri unavyosimama ndani zaidi ya mpaka, ndivyo unavyokutana na zile tu zilizokuwa na kasi ya kutosha kufika hapo. Niliwaambia wafikirie treni ya Kigoma. Ukisimama kwenye stesheni ya Kigoma na kuwahesabu wanaoshuka, hutamwona aliyekata tiketi ya Urambo, wala wa Kaliua, wala wa Uvinza; utawaona waliokuwa na nauli ya safari nzima, na wote wataonekana kwako kama kundi moja lenye tabia moja. Kipande kilichokosekana katikati ya duara, ambacho ndicho kinachoipa hilali tumbo lake tupu, ni cha wale walioshukia Urambo. Baada ya hapo kidogo hilali hiyo iliteleza kutoka mwelekeo ulio mkato na uga kwenda mwelekeo unaoufuata mstari wa uga, na waandishi wa makala waliisoma hiyo kama alama kwamba mstari uliokuwa umefungwa ulikwisha kufunguka kuelekea nje.

Inafaa kuongeza kwamba umbo hili lilitabiriwa kabla ya kuonekana. Michael Hesse na wenzake waliliona katika hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2014, mwaka mmoja kabla vyombo havijaruka. Hilo linalipa tukio uzito zaidi kuliko uzuri wa mchoro, kwa sababu umbo lililogunduliwa baada ya kuangalia michoro elfu moja linaweza kuwa bahati, lakini lililoandikwa kabla haliwezi kusingiziwa bahati kirahisi.

Binti alitaka neno "hilali" libaki kwenye bango, nami nilikubali. Wataalamu wenyewe wanaliita hivyo kwa lugha zao, na kwetu ni neno la kila mtu. Tena kuna sadfa ambayo niliigundua nikikagua kalenda: mwezi mpya ulikuwa umeingia tarehe 13 Oktoba 2015, kwa hiyo jioni ya Ijumaa ile, saa mbili na ushee baada ya MMS kupita kwenye tabaka lake la kilomita chache, hilali halisi ilikuwa magharibi, upande wa Kigoma, juu ya upeo ambako Jua lilikuwa limetoka kuzama. Niliwakataza kuiandika kwenye bango. Mgeni akisoma hilali mbili katika karatasi moja ataziunganisha, na hazina uhusiano wowote.

Kwenye meza yao tuliweka pia dira ya kawaida, na hiyo ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Sindano yake hapa Tabora huelekea kaskazini kwa sababu ya uga uleule ambao vyombo viliupima ukielekea kaskazini upande wa ndani wa mpaka. Tofauti ni nguvu. Hapa chini uga huo ni kati ya nanotesla 30,000 na 35,000. Kule juu ulikuwa wa makumi tu ya nanotesla. Mzee mmoja aliyefika kumwona mjukuu wake aliishika dira, akaigeuza mara mbili tatu, akauliza kama kule mbali sindano ingeyumba. Mvulana alimjibu kwamba ingegeuka kabisa na kuelekea kusini, kisha irudi, na kwamba wasingejua kama aliyehama ni dira au ni mpaka, hadi wawe na dira nne. Mzee alisema basi wanunue nyingine tatu.

Sentensi mpya, iliyobandikwa juu ya ile ya zamani kwa karatasi nyeupe, ilisomeka hivi: "Tarehe 16 Oktoba 2015, saa 13:07 za kimataifa, ambazo kwa Tabora ni saa kumi na dakika saba alasiri, mpaka wa magnetosfia ulipita juu ya vyombo vinne vya MMS, navyo vikapima elektroni ambazo kasi zake, zikichorwa, hujipanga kama hilali." Ni ndefu, na haipendezi kama ile ya kwanza. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili aliipunguza koma moja na kusema yatosha.

Tangu hapo wamehamia tukio jingine, la 11 Julai 2017 saa 22:34 za kimataifa, ambapo vyombo vile vile vilikuwa upande wa usiku, ndani ya mkia wa magnetosfia, radii zipatazo 22 kutoka Duniani, mahali ambapo pande mbili zinazokutana zinakaribiana kwa nguvu na kwa wingi wa chembe, tofauti na kule mpakani. Binti amechora jedwali lenye safu tatu za saa: za kimataifa, za Afrika Mashariki kwa namba, na za Kiswahili kwa maneno. Katika safu ya tatu ameandika "kuamkia tarehe 12 Julai, saa saba na dakika 34 usiku". Faili la kasi kubwa lilikuwa limefika asilimia arobaini bando lilipokwisha.